'M'e 'Malineo na Skrini Iliyovikwa Blanketi

Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2025, kengele ya mchana ikishalia, mama yetu, 'M'e 'Malineo Tšosane, atafunga mlango wa darasa la watoto wadogo, atamkabidhi baba yetu mwalimu mkuu, Ntate Ramakatsa, ufunguo, na utumishi wake wa miaka thelathini na sita katika Shule ya Msingi ya Ha Ramosoeu utakuwa umefika mwisho. Miaka yote hiyo amefundisha darasa la kwanza na la pili katika chumba kimoja, tangu aliposhuka kutoka kwenye farasi wa kuazima Januari ya mwaka 1990 akiwa na sanduku moja na redio. Mara mbili alipewa nafasi ya kuhamia madarasa ya juu, na mara zote mbili alikataa. Alisema watoto wakifika darasa la saba huwa tumeshawaharibu.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu darasa langu la tano limepakana na lake. Ukuta ulio kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo mengi mtakayosoma hapa niliyasikia kabla ya kuyaona. Kamati iliniomba pia niandike kwa adabu. Nitajitahidi.

'M'e 'Malineo ni mzaliwa wa bondeni, upande wa Mafeteng, ambako watu huona theluji mara moja moja na kuwapigia simu ndugu zao. Majira yake ya kwanza ya baridi hapa mlimani wenyeji walidhani atafunga virago. Badala yake alivaa mablanketi mawili, akawatoa watoto nje na sahani nyeusi za bati ili waitazame theluji ikitua, na akakataa kurudi ndani mpaka kila mtoto aseme alichokiona. Wazazi walilalamika. Aliwajibu kwamba mtoto wa Mosotho, mtu wa nchi ya milima, asiyeijua theluji ni sawa na mtoto wa bwawani asiyeyajua maji, kisha akawaomba walete kuni zaidi za jiko la darasa. Wakaleta.

Redio ile ndiyo ilikuwa chombo chake cha kwanza cha kufundishia hali ya hewa. Kila mchana aliwasha taarifa ya utabiri, watoto wakasikiliza, halafu akawaambia, “Redio imesema jua. Haya, tokeni nje mkahakikishe.” Walitoka mbio wakiwa wameinua shingo kama kuku wanaokunywa maji. Siku redio ilipokosea, darasa lilishangilia kana kwamba limeishinda kwenye mpira. Baadaye alitengeneza kipima mvua kwa kopo la jamu. Baada ya kopo ikaja simu yenye kamera, na ili simu hiyo ipate mtandao ilibidi apande hadi nyuma ya kanisa na kusimama juu ya jiwe. Nimemwona juu ya jiwe hilo kwenye upepo wa Agosti, mkono mmoja hewani, mwingine umeshika kofia, akibishana na mtu wa kampuni ya simu.

Majina ya mawingu waliyatunga watoto wenyewe, naye akayakubali. Yale membamba ya juu kabisa ni Mkia wa Farasi. Yale ya kijivu yanayotanda na kukaa siku nzima ni Uji. Yale ya duara yanayofura wakati wa joto ni Kabichi. Na lile kubwa kuliko yote, linalopanda kama mnara halafu likatandazika juu na kuwa bapa, ni Meza. Ukipita karibu na shule yetu ukasikia watoto wanapiga kelele kwamba Meza imeandaliwa, usidhani kuna chakula. Ingia ndani ya nyumba iliyo karibu nawe.

Ni lazima niseme pia jambo lisilochekesha, maana bila hilo mtaelewa ukaidi wake nusu tu. Jumamosi moja ya Novemba 1998, mtoto wa darasa la pili aitwaye Tšeliso alikuwa juu ya mlima akichunga ng'ombe wa baba yake. Radi ilimuua huko. Jumatatu asubuhi 'M'e 'Malineo alianza kuita majina, akafika kwenye jina la Tšeliso kwa mazoea, akaliita. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wakati huo, nikalisikia jina hilo kupitia ukutani, na sijalisahau. Wakati wa mapumziko alikuja akasimama kando yangu.

“Ntate Seabata,” aliniambia, “yule mtoto alijua kuhesabu mpaka mia. Alijua kusoma. Hakuna aliyemfundisha kuisoma mbingu.”

Hakulia mbele yangu. Ila kuanzia hapo alikuwa na neno moja, na alilisema kwa kila mwalimu mkuu, kila mkaguzi na kila mgeni aliyekanyaga hapa: hakuna mtoto atakayetoka darasani kwake kwenda mlimani bila kujua wingu la kukimbia na wakati wa kulikimbia. Wengine wetu tulichoka kulisikia. Yeye hakuchoka kulisema.

Ndiyo maana, mwaka 2022, shirika moja lilipotuletea skrini kubwa ya kioo, tableti chache, paneli za sola na kamera ya kufunga juu ya paa, vita ilianzia ofisini. Mwalimu mkuu wetu, Ntate Ramakatsa, alitaka skrini iende darasa la saba kwa ajili ya mtihani. Jambo hilo lilikuwa na mantiki, na sote tulimuunga mkono. 'M'e 'Malineo aliingia ofisini mwake na kiti chake mwenyewe, akaketi.

“Ntate,” alisema, “wa darasa la saba wakikosea, watarudia mtihani. Wangu wakikosea, wanaletwa nyumbani wamebebwa.”

Ntate Ramakatsa ni mtu mwema, ila hana pumzi ya mabishano marefu. Kabla ya chakula cha mchana skrini ilikuwa imeshavuka ua kwenda kwa watoto wadogo.

Alichofanya nayo kilikuwa rahisi na cha ajabu. Kamera ya paani ilielekezwa magharibi, kwenye ukingo wa mlima, kule dhoruba zetu zinakotoka na ambako dirisha la darasa halioni. Ilipiga picha asubuhi nzima. Mchana alizikimbiza picha hizo kwenye skrini, saa nne za mbingu zikapita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Watoto waliona kwa mara ya kwanza kwamba Kabichi na Meza si mawingu mawili. Ni wingu moja lililokua. Ukutani kwangu niliisikia sauti ya darasa zima likivuta pumzi. Mimi mwenyewe niliacha hesabu za sehemu, nikawatoa wa darasa la tano, tukaenda kuchungulia. Kwa miaka yangu yote nilikuwa nimeyaona mawingu yakiwa yamesimama tu, kama yaliyochorwa.

Kila asubuhi watoto wawili walikuwa zamu. Walishika tableti, wakatazama picha za kamera, wakatoka nje kulinganisha na walichokiona kwa macho, kisha wakalitangazia darasa. Walivimba vichwa kwa cheo hicho, ikabidi mama zao wawakumbushe nyumbani kwamba bado wanaosha vyombo.

Halafu, mwishoni mwa Oktoba, radi ikaua maksai wawili wa Ntate Lebusa ndani ya zizi, mita chache chini ya shule.

Kila aliyezaliwa hapa anajua ngurumo ikianza hufanywa nini. Kila kinachong'aa hufunikwa. Kioo, sufuria mpya, hata saa ya ukutani hutupiwa kitambaa, watu wakaketi chini na kunyamaza, kwa sababu kinachong'aa huiita radi. Na kule darasani kulikuwa na kitu cheusi, kinachong'aa, kikubwa kama mlango wa kanisa, hata kikizimwa kinakuonyesha meno yako. Hakuna aliyewahi kukifunika. Sisi walimu tulidhani kukizima kunatosha. Lilikuwa kosa letu, na watu wazima kama sisi tulipaswa kujua.

Pitso ikaitishwa mbele ya nyumba ya chifu, kijiji kizima kikaja. Ntate Lebusa, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alisema kitu hicho kiondoke, la sivyo watoto watabaki nyumbani. Wapo waliokuwa wameshawabakiza. Kisha akasimama mwanamke ambaye hakuna aliyetarajia atasimama, 'M'e 'Matšeliso, mama yake marehemu Tšeliso.

“Mimi sina mtoto shuleni,” alisema. “Nilikuwa naye. Siku ile nilikwenda kisimani, nikakiacha kioo changu wazi ukutani. Ngurumo ilinikuta njiani na ndoo kichwani. Nilikimbia, nikaitupa ndoo, nikafika, kioo kiko wazi. Jioni mwanangu akashushwa. Mnanijua, sijawahi kulisema hili. Leo nalisema kwa sababu huyu mwalimu ameweka kioo kikubwa kuliko changu na amekizungushia watoto wenu.”

Niliinamisha kichwa. Nilijua 'M'e 'Malineo ana maelezo ya kisayansi yanayoweza kutuweka pale mpaka jua lizame, nikaomba kimoyomoyo asiyatoe.

Hakuyatoa. Aliinuka, akajitanda blanketi lake vizuri, akasema, “Sina ubishi na 'M'e 'Matšeliso. Skrini itafunikwa.”

“Itafunikwa lini?” Ntate Lebusa aliuliza. “Ngurumo ikishatupasua masikio?”

“Kabla.”

“Kabla ya ngurumo! Na nani atajua kwamba inakuja, hiyo redio yako?”

“Watoto wa darasa la kwanza na la pili.”

Watu waliangua kicheko. “Hawa hawa wanaokojoa kitandani?” akasema Ntate Lebusa.

“Hao hao, Ntate. Na wa kwako akiwemo.”

Hapo hata chifu alificha mdomo kwa mkono. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza swali la maana: watoto wakichelewa je?

“Siku ngurumo itakapoikuta skrini iko wazi, hata mara moja,” alijibu 'M'e 'Malineo, “nitaipakia punda mimi mwenyewe niirudishe ilikotoka, pamoja na tableti na kamera. Nipeni mpaka Pasaka.”

Chifu akakubali. Ntate Ramakatsa alishika kichwa kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi shuleni alikuwa akiniambia kwamba mwanamke huyu amechezea kamari vifaa vya watu. Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Nilijua skrini ikiondoka, neno lake la tangu 1998 linaondoka nayo, kwa sababu baada ya hapo hakuna mzazi ambaye angemsikiliza tena kuhusu mbingu.

Majuma ya kwanza yalikuwa kichekesho. Watoto, kwa woga wa kuipoteza skrini yao, waliifunika kwa kila Kabichi. Ukitokea moshi jikoni, wanafunika. Blanketi lilipanda na kushuka mpaka somo la kusoma likawa halisomeki. Wazazi walipita dirishani wakiuliza kama skrini ina mafua. 'M'e 'Malineo hakumkemea mtoto hata mmoja. Kila mchana aliwaonyesha asubuhi yao kwa kasi, akaisimamisha picha, akauliza, “Hapa mlifunika. Je, Kabichi hii ilikua Meza?” Walitazama. Haikukua. “Na hii?” Hii nayo iliyeyuka. Polepole wakaacha kuogopa wingu kwa sababu ni wingu, wakaanza kuangalia linapanda kwa kasi gani na kichwa chake kinafanya nini.

Siku moja ngurumo ilipiga wakati blanketi limefika katikati. Ntate Lebusa alifika kabla mwangwi haujaisha, akidai nusu ni wazi. Watoto wakadai nusu ni funiko. Kesi ilipelekwa kwa chifu, ambaye alikuja akaitazama skrini kwa muda mrefu na kuamua kwamba mtu aliyevaa suruali bila shati hawezi kuitwa uchi. Tukapumua. Ila 'M'e 'Malineo alirudi darasani amekasirika kweli kweli, akasema hataki kuokolewa na suruali, na kuanzia siku hiyo wakafanya mazoezi ya kufunika.

Ni katika mazoezi hayo mtoto mmoja wa darasa la pili, Keneuoe, msichana mdogo mwenye sauti ya jogoo, aliuliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumeliuliza. “'M'e, sisi tunaifunika skrini. Walioko mlimani anawafunika nani?”

'M'e 'Malineo aliliacha somo hapo hapo. Siku hiyo hiyo alimfuata Ntate Ramakatsa, wakakubaliana kwamba blanketi likishashuka, mtoto wa zamu atakwenda kugonga kengele yetu, ambayo kama mjuavyo ni kipande cha plau kilichotundikwa, na atagonga mfululizo bila kupumzika. Wachungaji waliambiwa maana yake. Baadhi yao walicheka, wakasema hawawezi kuacha ng'ombe kwa sababu watoto wadogo wameona kabichi. Wengine walikubali kuisogeza mifugo chini. Basi ikawa hivyo.

Sasa niwapeleke kwenye siku ya mkaguzi.

Ilikuwa Februari, joto, na mkaguzi alikuja kuona kama vifaa vinatumika. Ni mtu mwenye haki yake, sina neno naye, isipokuwa alikuja na tai siku ya joto na hakutaka kuonekana amekosea. Aliketi mbele. 'M'e 'Malineo aliketi nyuma kabisa, kama alivyozoea. Somo liliongozwa na watoto, picha zikakimbia, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dirishani mbingu ilikuwa buluu tupu. Mara Keneuoe, aliyekuwa zamu, akatazama tableti, akatoka nje, akarudi mbio.

“Meza inaandaliwa!”

Watoto wanne wakarukia blanketi, skrini ikafunikwa mkaguzi akiwa bado amekodoa macho. Mtoto mwenzake wa zamu alikuwa ameshafika kwenye kengele. Kelele ya chuma ikajaa ua mzima.

“Nini hii?” mkaguzi aliuliza. “Nani amesimamisha somo? Nje kweupe. Fungueni.”

“Samahani, Ntate,” akasema Keneuoe, “haifunguliwi.”

“Mwalimu!”

'M'e 'Malineo, kule nyuma, alikunja mikono. “Mimi leo ni mgeni kama wewe, Ntate. Zamu ni yao.”

Mkaguzi aliinuka, akaushika upindo wa blanketi. Hapo nilikuwa nimeshafika mlangoni, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Watoto hawakupiga kelele wala hawakumsukuma. Waliketi tu juu ya lile blanketi lililofika sakafuni, mmoja baada ya mwingine, darasa zima, mpaka hapakuwa na mtu mzima ambaye angeweza kulivuta. Mkaguzi alibaki ameshika upindo wake, uso umemwiva. Ntate Ramakatsa alianza kuomba radhi. Kengele iliendelea. Mbingu iliendelea kuwa buluu. Nawaambia ukweli, mimi nilishakata tamaa. Niliwaza kwamba hata wakiwa sahihi, mkaguzi ataandika kwamba vifaa vinafunikwa mablanketi, na skrini itaondoka kwa njia hiyo.

Ngurumo ilipiga nyuma ya mlima. Moja, ndefu, ikatikisa vioo vya madirisha. Mkaguzi aliachia blanketi kama lililomuunguza. Kisha kivuli kikavuka ua, upepo ukabamiza mlango, na mvua ya mawe ikaanza kupiga bati kwa kishindo hata hatukusikiana. Tuliketi sakafuni sote, tukanyamaza, mkaguzi na tai yake katikati ya watoto.

Ilipopungua, wachungaji walikuwa chini. Waliocheka na wasiocheka, wote walikuwa wameshuka, maana kengele haikuwa imenyamaza hata kidogo mpaka ngurumo ilipopiga na mgongaji akakimbilia ndani, na iliwaudhi wakashindwa kukaa. Kadhaa walikuwa wamejibanza darasani kwetu, mablanketi yakitoa mvuke kando ya jiko. Mmoja wao alikuwa Mokete, mjukuu wa 'M'e 'Matšeliso kwa binti yake, aliyekuwa mlimani juma lile kwa zamu ya familia. Pale juu alipokuwa amesimama, radi ilipasua jiwe. Tulilikuta kesho yake.

'M'e 'Matšeliso alikuja shuleni akikimbia juu ya mawe ya barafu, viatu mkononi. Alimkuta Mokete anakula papa, ugali wetu wa mahindi, na mboga, akamzaba kofi, akamkumbatia, akamzaba jingine. Baada ya hapo akabaki amesimama mlangoni, hajui aondoke au akae.

Yaliyofuata yana mwenyewe, na nisingeyaandika. Ila juma hili 'M'e 'Matšeliso mwenyewe alinifuata, akaniambia niyaweke kwenye karatasi ya sherehe ili watu wasome wakiwa wamekaa. Basi nayaweka.

Dhoruba ilipokwisha pita, watoto waliomba kuiona kazi yao. Blanketi likaondolewa. 'M'e 'Malineo akazikimbiza picha za asubuhi ile: mbingu safi, Kabichi moja ndogo nyuma ya mlima, Kabichi inafura, inapanda, inazidi mlima, kichwa kinatandazika. Watoto walishangilia. 'M'e 'Matšeliso alikuwa ameingia hatua chache bila kujua.

“Rudisha,” alisema.

Akarudishiwa. Safari hii alisogea mpaka mbele, akaketi kwenye kiti kidogo cha darasa la kwanza.

“Hapa, mwanzoni, ni saa ngapi?”

“Asubuhi, 'M'e. Jua linawaka. Hakuna aliyesikia kitu.”

“Na limeshaanza?”

“Limeshaanza.”

“Na siku ile?” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilipokwenda kisimani?”

'M'e 'Malineo alizima picha, akachuchumaa mbele yake. “Siku ile nilikuwa nikianika nguo zangu nyuma ya shule. Niliiona Meza juu ya mlima, imeshakuwa bapa, wewe ukiwa ndiyo kwanza unatoka nyumbani na ndoo. Tuliamkiana, unakumbuka? Nililiona wingu nikaendelea kuanika, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Lilikuja kwa ajili ya mlima. Halikuja kwa ajili ya nyumba yako.”

“Basi si kioo.”

“Si kioo, 'M'e. Haikuwa kioo hata siku moja.”

'M'e 'Matšeliso alikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu, akalia kwa sauti mbele ya watoto wote, na watoto, ambao walikuwa wamefundishwa kunyamaza wakati wa dhoruba, wakanyamaza. Mkaguzi alitoka nje. Mimi nilitoka nyuma yake, kwa sababu nilikuwa siwezi tena.

Skrini haikupanda punda, na mkaguzi hakuandika neno la kuiondoa. Pasaka ilipita, na Ntate Lebusa ndiye aliyesimama kwenye pitso kusema ibaki. Tangu mwaka ule kengele imegongwa kila majira ya joto, na hakuna mtoto wa Ha Ramosoeu aliyeshushwa mlimani amebebwa. 'M'e 'Malineo hapendi tuliseme hili kwa sauti. Anasema mbingu ina masikio. Atanisamehe. Shule mbili za jirani zimeomba kujifunza kwetu, na mwalimu anayelirithi darasa, 'M'e Lintle Mohau, ameshapewa maagizo kwa ukali unaostahili: picha kila asubuhi, watoto wawili zamu, na blanketi lisifuliwe siku yenye Kabichi.

'M'e 'Malineo, walimu, wazazi na watoto wa shule hii wanakushukuru. Umetuchosha, umetugombeza, umetutoa nje kwenye baridi tukiwa watu wazima na vyeo vyetu, na hatujui tutamlalamikia nani sasa. Rudi kwenu Mafeteng ukapumzike kama utaweza. Tunakuombea amani, mvua ya kiasi na chakula tele, miaka mingi.

Na nina ujumbe mmoja wa kukufikishia. Nilimuuliza 'M'e 'Matšeliso kama siku hizi bado anafunika kile kioo chake ngurumo zikianza. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama bado anakula.

“Nakifunika,” alisema. “Mwambie mwalimu, nitakifunika mpaka nife, ndiyo desturi yetu. Lakini sikililii tena.”

Seabata Phooko,
mwalimu wa darasa la tano, kwa niaba ya wenzake wote